Neti, mashine, kocha au ukuta: mchezaji wa kriketi achague mazoezi gani?

Mchezaji wa klabu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayetaka kuinua kiwango chake cha kriketi kwa kawaida ana jioni mbili au tatu kwa wiki, mfuko usio mkubwa, na njia nyingi zinazogombania muda huo mchache. Anaweza kumlipa kocha, kupiga mipira nyavuni pamoja na wenzake, kutumia mashine ya kurushia mipira pale inapopatikana, kufanya mazoezi peke yake ukutani, au kuziacha zote hizo akakimbia na kunyanyua vyuma. Kila njia ina watu wanaoiapia, na kila moja ina faida ya kweli. Hata hivyo hazifundishi kitu kimoja, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni mchezaji kuchagua njia inayompa mipira mingi zaidi kwa saa badala ya ile inayomlazimisha kuamua.

Pichi ya kriketi ina urefu wa mita 20.12 kutoka wiketi, yaani vile vijiti vitatu, hadi wiketi ya upande wa pili, na mpira uliorushwa kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa humfikia mpigaji katika muda wa takribani nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mpigaji hana budi kujua mpira utadunda wapi, aende mbele au arudi nyuma, apige au auache upite. Muda huo haumtoshi mtu anayeanza kuusoma mpira ukiwa tayari hewani, na ndiyo sababu wapigaji wazuri huanza kukusanya habari kabla mpira haujaachiwa, kutoka katika mbio za mrushaji, bega lake, kifundo cha mkono na namna vidole vilivyoushika mshono. Kwa hiyo kipimo changu katika ulinganisho huu ni kimoja: zoezi hili linamfanya mchezaji asome nini na aamue nini, na linaudai mwili jambo lile lile ambalo mechi itaudai?

Kocha au peke yako

Wanaotetea mazoezi ya peke yako wana shahidi mkubwa. Don Bradman, aliyemaliza mechi zake za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, akiwa na wastani wa mikimbio 99.94, alikulia katika mji mdogo wa Bowral nchini Australia, ambako utotoni alikuwa akitumia kijiti cha wiketi kupiga mpira wa gofu uliokuwa ukimrudia kutoka kwenye msingi wa matofali wa tangi la maji nyumbani kwao. Msingi ule ulikuwa wa mviringo, hivyo mpira ulirudi kwa kasi na kwa pembe ambazo hakuweza kuzitabiri, naye alipaswa kuupiga kwa kijiti chembamba kuliko gongo lolote. Hakuwa na kocha aliyesimama kando yake, na mshiko wake wa gongo ulibaki wa kipekee hadi mwisho.

Upande wa pili yupo Sachin Tendulkar, aliyelelewa na kocha Ramakant Achrekar katika viwanja vya Shivaji Park, Mumbai. Achrekar alikuwa na desturi ya kuweka sarafu ya rupia juu ya kijiti cha wiketi na kuwaita warushaji wamjaribu kijana wake: atakayemtoa angeichukua sarafu, na Sachin akimaliza kipindi bila kutolewa ingekuwa yake. Kwa sarafu ile Achrekar hakuwa anamfundisha pigo jipya. Alikuwa anaupa kila mpira gharama, kama ambavyo tangi la Bowral lilivyoukataa uvivu wa kila pigo la Bradman. Ndiyo maana siwaoni watu hawa wawili kuwa mifano inayopingana. Kilichokuwepo Mumbai na kikakosekana Bowral ni jicho la mtu mwingine, na jicho hilo ndilo hasa unalolilipia unapomlipa kocha.

Mpigaji hawezi kukiona kichwa chake. Anayetolewa mara kwa mara kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mpira kuugonga mguu wake ulioiziba wiketi, huamini kwamba macho yake yana tatizo au kwamba mwamuzi anamwonea, kumbe kila mpira unapokuja kichwa chake kinainama upande wa ofu, ule ulio mbele ya kifua chake, uzito unakifuata, mguu wa mbele unavuka mstari wa mpira, na gongo linalazimika kuuzunguka mguu huo ili kuufikia mpira. Kocha huliona jambo hilo ndani ya mipira kumi. Mwenye kosa anaweza kukaa nalo msimu mzima, tena akalizidisha, kwa sababu kila jioni anapofanya mazoezi peke yake analirudia na kulikomaza.

Simu imepunguza pengo hilo kwa kiasi. Ukiiegemeza nyuma ya wiketi ya mrushaji, kwenye mstari anaposimama mwamuzi, kisha siku nyingine ukaiweka ubavuni, na ukapiga picha za mwendo wa polepole, utaviona kichwa, mguu na njia ya gongo waziwazi. Simu hata hivyo inaonyesha matokeo. Haikwambii lipi ni chanzo na lipi ni dalili, wala ni lipi la kurekebisha kwanza. Mchezaji mwenye picha na asiye na kocha mara nyingi hurekebisha mambo manne kwa wakati mmoja, akaja mechini Jumapili akifikiria viwiko vyake badala ya mpira.

Kwa mchezaji wa kawaida wa klabu, maoni yangu ni kwamba kikao kimoja cha ana kwa ana na kocha kila baada ya wiki mbili, kikifuatiwa na mazoezi ya kujitegemea yenye jambo moja tu la kufanyia kazi, kina manufaa kuliko kocha wa kila siku. Mchezaji anayezoea kuambiwa neno baada ya kila mpira hatakuwa na wa kumwambia atakaposimama katikati ya uwanja. Mtoto anayeanza ni tofauti: yeye anafaidika zaidi na darasa la kundi, kwa kuwa anahitaji kucheza, kukimbia na kudaka na wenzake kuliko anavyohitaji kuchambuliwa kiwiko chake.

Na kocha mwenyewe huchaguliwaje? Vyeti vina thamani, lakini mimi hutazama saa ya kwanza. Kocha mzuri huuliza ulitolewaje katika mechi zako za hivi karibuni, hukutazama kwa muda bila kusema, kisha husema jambo moja au mawili. Anayebadilisha mshiko wako dakika ya kumi, na akawapa wanafunzi wake wote mshiko ule ule bila kujali urefu wa mikono yao, anafundisha alichokariri.

Nyavuni, kwenye mashine, kwa mkono, au katikati ya uwanja

Mashine ya kurushia mipira inapendwa kwa sababu inaeleweka upesi. Unaipangia kasi na urefu, nayo inakuletea mpira ule ule mara 60 bila kuchoka na bila kununa. Kwa mtu anayejifunza pigo jipya, tuseme pigo la kufagia dhidi ya spini, yaani mpira wa polepole unaogeuka baada ya kudunda, au la kuvuta mpira unaofika kifuani, hakuna chombo kinachoishinda, kwa kuwa kinachotakiwa hapo ni mwili kulizoea tendo kabla ya kudaiwa lolote jingine. Tatizo linaanza pigo likishakaa mwilini. Mashine haina mbio, haina bega, haina kifundo cha mkono. Watafiti waliowalinganisha wapigaji wakikabili mashine na wapigaji hao hao wakikabili mrushaji wa kweli wamekuta kwamba nyakati za kuinua gongo na kuanza hatua ya mbele hubadilika, yaani mwili unajifunza mdundo ambao siku ya mechi haupo. Zaidi ya hapo, mipira mingi ya mashine ina vishimo badala ya mshono, hivyo haiyumbi hewani wala kugeuka ardhini kama mpira wa ngozi. Itumie kwa pigo moja, kwa siku chache, kisha mrudie binadamu.

Kurushiwa mipira kwa mkono na mwenzako aliyesimama umbali wa mita 12 hadi 15 ni njia duni kwa sura na bora kwa thamani. Mrushaji hubadilisha urefu na mstari apendavyo, hukuona ukiyumba, na huweza kukutega, mambo ambayo mashine haiwezi. Kijiti cha plastiki chenye kikombe mwishoni, ambacho timu kubwa hukitumia siku hizi, humwezesha mtu wa kawaida kupeleka mpira kwa kasi kubwa bila kuliumiza bega lake. Ninaipendekeza njia hii hasa kwa siku ya kuamkia mechi, mpigaji anapotaka kuhisi mpira ukikaa katikati ya gongo bila kuchoka.

Neti ndizo moyo wa kila klabu, na zinastahili heshima hiyo. Hapo mpigaji anamwona mrushaji halisi akikimbia, na mrushaji anamwona mpigaji halisi akisogea. Mwezi Mei mwaka 2016 nahodha wa Rwanda, Eric Dusingizimana, alipiga mipira nyavuni kwa saa 51 katika uwanja wa Amahoro jijini Kigali, akaweka rekodi ya dunia katika juhudi za kuchangisha fedha za kujenga uwanja wa kriketi wa nchi yake. Uwanja huo wa Gahanga ulifunguliwa mwaka uliofuata. Ninamheshimu sana kwa jambo lile, na kisa chake kinaonyesha pia sifa moja ya neti: mtu anaweza kukaa humo muda mrefu sana, kwa sababu akitolewa haondoki.

Humo ndimo ulipo udhaifu wa neti. Mpigaji anapiga mpira juu, wavu unaudaka, yeye anasema moyoni kwamba ni mikimbio minne, ilhali mechini palikuwa na mtu amesimama pale pale. Mpira unagusa ukingo wa gongo na kupita nyuma, na hakuna anayejali. Warushaji wanne wanapokezana, wa kasi akifuatwa na wa spini, kisha na mtu anayejaribu bahati, kwa hiyo mpigaji hapati ova nzima, yaani mipira sita mfululizo, kutoka kwa mkono mmoja wala hajifunzi namna mrushaji anavyomjengea mtego kwa mipira mitano ili ammalize kwa wa sita. Mrushaji naye anaukanyaga mstari kila mara kwa kuwa hakuna mwamuzi, halafu anashangaa mwishoni mwa wiki anapoitiwa mpira batili katika ova ya mwisho. Tiba ni rahisi na haigharimu chochote: mtu mmoja asimame mahali pa mwamuzi na kuita, kila mrushaji apewe ova kamili, walinzi wa uwanja wapangwe kwa kutajwa kwa sauti kabla ya ova kuanza, na anayetolewa avue glavu na kumpisha mwenzake. Neti za namna hiyo za dakika 40 zinanifaa kuliko za saa mbili zisizo na utaratibu.

Mazoezi ya katikati ya uwanja, yenye pichi wazi, walinzi na hesabu ya mikimbio ya kufukuza, ndiyo yanayokaribia mechi kuliko yote. Yana gharama yake: yanahitaji watu kumi au zaidi, uwanja ulio wazi, na kila mpigaji anapata mipira michache. Lakini kuna mambo ambayo hayafundishiki mahali pengine. Wapigaji wawili wakiambiwa kwamba zimebaki mipira 24, mikimbio inayotakiwa ni 30 na wiketi zilizo mkononi ni tatu, yaani wakitolewa wapigaji watatu zaidi mchezo umekwisha, wanaanza kuzungumza, kuangalia mlinzi yupi ana mkono dhaifu, na kuitana kwa "njoo", "ngoja" na "hapana" kwa sauti inayosikika. Neti haina mkimbio hata mmoja, na timu nyingi za kwetu hupoteza wiketi mbili kila mechi kwa watu wawili kukutana upande mmoja wa pichi.

Mfano mzuri zaidi wa karibuni ni wa Uganda katika Kombe la Dunia la T20, kriketi ya ova 20 kwa kila timu, la mwaka 2024. Huko Guyana, tarehe 5 Juni, waliwatoa Papua New Guinea kwa mikimbio 77, kisha wao wenyewe wakajikuta wamepoteza wiketi tano kwa mikimbio 26. Riazat Ali Shah akakaa mipira 56 na kuleta mikimbio 33, mwendo ambao nyavuni ungeitwa woga, na Uganda ikashinda kwa wiketi tatu, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo. Kujua kwamba leo ushindi upo katika mikimbio 33 ya taratibu ni uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo hujifunzwa mahali ambapo hesabu ipo na wenzako wanakutegemea.

Kwa klabu yenye jioni mbili kwa wiki, ningetoa moja kwa neti zenye utaratibu na nyingine kwa hesabu za katikati ya uwanja, na mashine ningeiacha kwa mwenye pigo mahususi la kutengeneza.

Warushaji: shabaha au wingi

Warushaji wetu wengi huamini kwamba kurusha sana ndiko kurusha vizuri. Historia ya kriketi ya ukanda huu inasema vingine. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Aasif Karim wa Kenya aliwarushia Australia, waliokuwa mabingwa wa dunia, ova nane na mipira miwili, sita kati ya ova hizo bila mkimbio, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu. Katika mechi ile ya Uganda na Papua New Guinea niliyoitaja, Frank Nsubuga akiwa na umri wa miaka 43 alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne na kuchukua wiketi mbili. Wote wawili ni warushaji wa spini, na wote wawili waliwashinda wapigaji kwa kuuweka mpira mahali pale pale mpaka subira ya mpigaji ikaisha.

Hilo linafundishwa kwa shabaha. Chora kwa chaki mraba wa ukubwa wa mkeka wa kuswalia, mita nne hivi mbele ya wiketi ya mpigaji kwa mrushaji wa spini, na mita sita au saba kwa wa kasi, kisha urushe ova nne ukiandika ni mipira mingapi kati ya sita imegusa mraba. Daftari hilo likitunzwa kwa miezi miwili litakueleza ukweli ambao kumbukumbu huuficha. Udhaifu wa zoezi la shabaha ni kwamba halina mpigaji wa kukutisha, na wapo wanaogusa mraba mara tano kati ya sita pichi ikiwa tupu na mara mbili tu mtu aliyeshika gongo anapotokea. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kikao iwe ya mraba, nusu ya pili iwe ya mpigaji, huku mraba ukibaki umechorwa na mwenzako akiendelea kuhesabu.

Kwa vijana wanaorusha kwa kasi, swali la wingi si la ufundi bali la afya, na hapa ninawaomba wazazi na walimu wasome polepole. Mguu wa mbele unapotua, mwili hupokea nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake, huku mgongo ukiwa umepinda na kujisokota kwa pamoja. Mifupa ya uti wa mgongo wa chini wa kijana anayekua huweza kupata ufa mdogo unaoanza kama maumivu ya upande mmoja na unaomweka nje kwa miezi. Mwongozo uliotumika kwa miaka mingi Uingereza uliweka mpaka wa ova tano mfululizo na 10 kwa siku kwa walio chini ya miaka 13, ova sita na 12 kwa walio chini ya miaka 15, na ova saba na 18 kwa walio chini ya miaka 17. Mipira ya nyavuni inahesabiwa pia. Kijana mwenye kipaji ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa shule inamtaka, klabu inamtaka, na kila kocha anahesabu ova zake mwenyewe bila kumuuliza mwenzake. Ni busara kijana awe na daftari lake mwenyewe la mipira aliyorusha.

Pumzi, kasi na nguvu

Afrika Mashariki inaheshimu mbio ndefu, na si ajabu kwamba kocha wa timu yoyote akisema "mazoezi ya mwili" wachezaji huanza kuuzunguka uwanja. Kuuzunguka uwanja kuna faida ya kujenga pumzi ya msingi, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheza. Kriketi hata hivyo si mbio za kilomita kumi. Ni mikurupuko mifupi yenye mapumziko kati yake: mrushaji anakimbia mita 15 au 20, anaruka, anarusha, anarudi akitembea, mpigaji anakimbia mita 17.68 kati ya mistari, anageuka, anakimbia tena. Mlinzi anasimama dakika tano kisha anatakiwa kuwa mpiga mbio kwa sekunde nne.

Kipimo cha yo-yo, kinachotumiwa na timu nyingi za taifa, kinafuata umbo hilo hilo: mita 20 kwenda, mita 20 kurudi, sekunde 10 za kupumua, na kasi inayoongezeka hadi mtu ashindwe. India, mwaka 2021, iliongeza pia mbio za kilomita mbili na kuwataka warushaji wa kasi wazimalize kwa dakika 8 na sekunde 15, na wengine kwa dakika 8 na sekunde 30. Ninapenda vipimo hivi viwili viende pamoja kwa kuwa kimoja kinapima uwezo wa kurudia mkurupuko na kingine kinapima msingi unaoubeba, na vyote vinaweza kufanyika kwenye uwanja wa shule kwa saa ya simu.

Mwenye nafasi ya zoezi moja tu la mbio ningemwambia avae pedi, ashike gongo, akimbie mikimbio miwili kwa kasi kamili, apumzike kwa muda anaotumia mrushaji kurudi alikoanzia, kisha arudie mara sita, na baada ya mapumziko marefu arudie seti nzima. Humo anajifunza kuinama, kuliburuza gongo juu ya mstari na kugeuka akiutazama mpira, hivyo pumzi na ufundi vinapatikana kwa jasho moja.

Vyuma vinakuja baada ya hapo, na kwa mrushaji wa kasi si anasa. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuinua uzito kutoka ardhini kwa mgongo ulionyooka, kubana tumbo katika mkao wa ubao na mazoezi ya bega kwa utepe wa mpira unaovutika vinamlinda zaidi ya vile vinavyomwongezea kasi. Ukumbi wa mazoezi wa kulipia si lazima; ndoo ya mchanga na ngazi za jengo zinatosha kuanzia. Kwa wakazi wa pwani joto ni sehemu ya hesabu: kati ya Desemba na Machi mbio ziwekwe alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, maji yanywewe kabla ya kiu, na katika mwezi wa Ramadhani wachezaji wanaofunga wafanye kazi nyepesi ya mikono na macho mchana, mbio zikisubiri hadi baada ya futari.

Kudaka sitakusemea kwa kirefu kwa sababu hakuna la kubishania. Ukuta na mpira wa tenisi vinatosha kwa mikono ya mtu aliye peke yake, mwenzako mwenye gongo anatosha kwa mipira ya juu, na katika mechi ya ova 20 kila mchezaji, awe mpigaji au mrushaji, analinda kwa mipira 120. Dakika 15 za kudaka katika kila kikao ndizo dakika zenye malipo makubwa kuliko zote, na ndizo zinazokatwa kwanza giza linapoingia. Zianze, zisiwe za mwisho.

Mpira gani, juu ya ardhi gani

Vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat huanza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Mchezo huo hufundisha kasi ya mikono, ujasiri na mpira mrefu unaofika miguuni, na hauhitaji pedi. Kasoro yake ni kwamba hauadhibu gongo lililoinama, kwa kuwa mpira mwepesi unaweza kufagiwa kutoka mahali popote, na haufundishi kuuacha mpira upite. Mwenye nia ya kucheza ligi aanze mpira wa ngozi mapema, akiwa na helmeti, hata kama ni mara moja kwa wiki. Wasichana wafanye mazoezi kwa mpira wa kriketi ya wanawake, wenye gramu 140 hadi 151, na si ule wa wanaume wa gramu 156 hadi 163, ambao klabu huwapa kwa sababu ndio uliopo stoo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka mkono mdogo ujaribu kuuzungusha kwa spini.

Kuhusu ardhi, zege lililofunikwa mkeka huurusha mpira juu na kwa usawa, wakati pichi ya nyasi huushusha na kuugeuza. Aliyelelewa kwenye mkeka huwa hodari kwa mipira ya kifuani na hupata tabu mpira unapobaki chini. Masika yanapofunga viwanja vya nyasi kati ya Machi na Mei, mkeka hauna mbadala. Ila wiki mbili kabla ya ligi kurudi kwenye nyasi, mazoezi yarudi huko pia, hata kama pichi ya mazoezi si nzuri.

Kwa mchezaji gani, njia gani

Mtoto wa chini ya miaka 13 apewe kundi, kudaka kwingi, michezo midogo yenye hesabu na mpira mwepesi wa saizi yake. Mashine na vyuma havina kazi kwake bado. Kijana wa klabu mwenye kosa linalojirudia ampate kocha kabla ya kuongeza hata saa moja ya neti, na asiye na kosa linalojulikana aende moja kwa moja katikati ya uwanja, kwa sababu anachokosa huenda si pigo bali hesabu. Mrushaji wa kasi wa umri wowote aweke mguu na mgongo mbele ya kasi.

Mtu mzima anayerudi kucheza baada ya miaka ya ofisini ndiye ninayemhurumia zaidi, maana kichwa chake kinakumbuka mapigo ambayo msuli wa nyuma ya paja umeyasahau. Yeye aanze na mwezi mmoja wa kutembea haraka, kukimbia taratibu na kuchuchumaa, aongeze kurushiwa mipira kwa mkono mara moja kwa wiki, na kurusha kwake kutoka mpakani mwa uwanja kuje mwisho kabisa, kuanzia mita 20 na kuongezwa mita tano kila wiki, kwa sababu bega lililolala miaka mingi huumia kwa mrusho mmoja wa nguvu kuliko kwa jioni nzima ya kupiga.